Yasiyomo katika Daftari la Ubatizo



Mtoto anapobatizwa, kazi ya paroko haiishii kwenye kisima cha ubatizo. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 877, yamtaka aandike bila kukawia majina ya mtoto, ya wazazi na ya wasimamizi, pamoja na mahali na tarehe ya kuzaliwa na ya kubatizwa. Desturi hii ni ya kale. Mtaguso wa Trento uliagiza madaftari hayo mwaka 1563, nia ikiwa hasa kuzuia ndoa za siri na ndoa za watu wenye udugu. Kumbukumbu ya ukoo ilihifadhiwa humo kana kwamba kwa bahati tu.

Lakini daftari ni bahili. Halisemi bibi alitoka wapi, wala kwa nini babu aliihama nchi yake.

Thamani ya mambo hayo tunaiona vema tukiikumbuka misheni ya Bagamoyo. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliokuwa Unguja tangu mwaka 1863, walivuka bahari na kuianzisha mwaka 1868. Wengi wa waliokaa nao walikuwa watoto waliokombolewa utumwani. Walipewa elimu, kazi za mikono na majina ya watakatifu. Walipokua waliozana, na baadhi ya familia hizo zikapelekwa bara kuanzisha vijiji vya Kikristo, kama kule Mhonda mwaka 1877. Tufikirie mama kijana wa Mhonda anayeulizwa na mwanawe, "Bibi yuko wapi?" Ikiwa alitekwa akiwa na miaka minne, angejibu nini?

Mmoja alikuwa na la kujibu. Huyo ni Swema, binti wa Kiyao, aliyelelewa Unguja na masista Mabinti wa Maria waliotoka kisiwa cha Réunion. Simulizi lake lilichapishwa Paris mwaka 1870. Alikumbuka baba aliyeuawa na simba, nzige walioleta njaa, na deni la nafaka ambalo mama yake hakuweza kulilipa. Mdai alimchukua binti akamwuza kwa msafara. Mama hakukubali kuachana naye, akaufuata msafara kwa miguu hadi nguvu zikamwishia njiani. Swema mwenyewe alifika Unguja mahututi, akazikwa angali hai, akafukuliwa. Ni kweli kwamba maneno yake yalipita katika mikono ya waandishi wa Kizungu, nao walikuwa na wasomaji wao wa kuwagusa. Hata hivyo, mama yule maskini hajapotea. Angalikuwa mmoja wa maelfu waliokufa njiani bila kutajwa, lau binti yake asingesimulia na mtu asingeandika.

Tena tuangalie alichosimulia: deni, njaa, aibu ya kuuzwa. Familia zetu nyingi huwapa watoto yale ya fahari tu, ng'ombe wa babu na ushujaa wake, na kuyazika mengine. Mtoto hurithi jina la ukoo bila kujua lilipita katika maji gani. Si lazima mdogo aambiwe yote kwa siku moja. Lakini yasifichwe hata yakafa na wazee.

Tunajua wazazi wenye watoto wadogo huchoka. Jioni ni uji, kuogesha na kubembeleza. Walakini umri huo ndio unaofaa. Mtoto wa miaka minne hudai hadithi ile ile kila usiku, na humkosoa msimulizi akiruka kipande. Mwanafunzi gani wa chuo atafanya hivyo? Simu zetu nazo zimejaa picha za mtoto akila keki, wala hamna hata moja ya babu akieleza jinsi alivyofika mjini, ilhali simu hiyo hiyo hurekodi sauti. Mtume Paulo, akimwandikia Timotheo, alimtaja bibi yake Loisi kwa jina. Sijui wangapi kati ya watoto wetu wa Komunyo ya Kwanza wangeweza kuwataja bibi zao wote wawili.

Kwa hiyo wazazi wanaokuja kuandikisha watoto kwa ubatizo tunawaomba waje pia na karatasi yenye majina ya babu na bibi wa pande zote mbili, na vijiji walikozaliwa. Daftari halina nafasi ya majina hayo. Tutayasoma pamoja, kisha karatasi itarudi nyumbani. Asiyejua amwulize shangazi kabla ya kuja.