Mgonjwa na Dawa Yake

Yafaa, msomaji, tuanze na swali ambalo waganga wamejiuliza tangu kale. Mtu anaumwa, tabibu amempima na kumpa dawa iliyo na nguvu ya kumponya, naye aichukua, ashukuru, aende nayo nyumbani, kisha asiimeze. Kwa nini? Katika maandishi ya kale ya Kiyunani yanayohusishwa na jina la Hippocrates, tabibu aonywa awaangalie sana wagonjwa wake, kwani mara nyingi hudai wametumia dawa nao hawakuitumia. Lawama hiyo basi ni ya zamani, na tangu zamani imeelekezwa upande mmoja tu, upande wa mgonjwa.

Nataka tuipime lawama hiyo kwa kufuata habari za kifua kikuu. Nimeyachagua maradhi haya kwa sababu ndiyo yaliyowafunza matabibu mengi juu ya jambo hili, na sehemu kubwa ya mafunzo hayo ilipatikana hapa kwetu Afrika ya Mashariki.

Hadi miaka ya 1940 kifua kikuu hakikuwa na dawa. Mwenye uwezo alipelekwa katika hospitali za mbali zilizoitwa sanatoriamu, akalala kitandani miezi mingi, akala vizuri na kuvuta hewa safi, akingoja kupona au kufa. Mwaka 1943 iligunduliwa huko Marekani dawa ya streptomaisini. Ikafuatwa na dawa iliyojulikana kwa herufi PAS, na mwaka 1952 ikathibitishwa nguvu ya isoniazidi. Punde si punde ilionekana kwamba dawa moja ikitumiwa peke yake vijidudu huizoea, nayo haifai tena kitu. Kwa hiyo ilipasa kutumia mbili au tatu pamoja. Katika miaka hiyo ya 1950, Dakta John Crofton na wenzake wa Edinburgh walionyesha kwamba kwa njia hiyo karibu kila mgonjwa mpya angeweza kuponywa. Palikuwa na sharti moja: dawa zimezwe kila siku, miezi 18 au hata zaidi.

Hebu fikiri maana ya sharti hilo. Baada ya majuma machache ya dawa, homa hushuka, kikohozi hupungua, mgonjwa huanza kunenepa na kutamani kazi yake. Vijidudu vingi vimekwisha kufa, lakini vichache vimejificha, navyo ndivyo vinavyohitaji miezi yote iliyobaki. Mgonjwa havioni. Anachokiona ni mwili wenye afya, na chupa ya dawa inayomwambia kwamba bado yu mgonjwa. Tena dawa yenyewe ilikuwa adhabu. PAS ilimezwa kiasi cha gramu 10 au 12 kwa siku, vidonge vikubwa kwa wingi, ikaleta kichefuchefu na kuharisha. Mtu aliyejiona mzima aliombwa ajiuguze kwa hiari yake kila siku kwa mwaka mmoja na nusu. Sijui wangapi miongoni mwetu tungalivumilia.

Mwaka 1956 kituo cha utafiti kilifunguliwa Madras, Uhindi, mji uitwao sasa Chennai, kwa ushirikiano wa wakuu wa huko, Shirika la Afya Duniani, na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Dakta Wallace Fox ndiye aliyeongoza utafiti. Wagonjwa maskini waligawanywa bila kuchaguliwa: nusu wakalazwa sanatoriamu, nusu wakabaki katika nyumba zao zilizosongamana, wakifika zahanati kila juma kuchukua dawa. Wote walipewa dawa zile zile kwa mwaka mmoja. Wengi walitazamia kwamba wa nyumbani wangeangamia, na jamaa zao wangeambukizwa. Haikuwa hivyo. Matokeo ya pande mbili yalikaribiana sana, wala jamaa za wale wa nyumbani hawakuambukizwa zaidi kuliko za wale waliolazwa. Tangu hapo sanatoriamu zilianza kupoteza maana yake.

Lakini kituo hicho kilijua kwamba sasa kila kitu kinategemea mkono wa mgonjwa mwenyewe. Watumishi walibisha hodi majumbani bila kutoa habari, wakahesabu vidonge vilivyosalia, wakapima mkojo ili kuona kama una alama ya dawa. Wakagundua kwamba hata baadhi ya waliofika zahanati bila kukosa hawakuwa wakimeza walichopewa. Mwaka 1958 Fox aliandika makala juu ya shida hiyo ya wagonjwa kujipa dawa wenyewe. Sipendi sana habari za kuvizia mkojo wa watu wazima, lakini zilifunua jambo ambalo uso hauonyeshi. Utafiti wa baadaye, uliofanywa kwingine, ulionyesha kwamba matabibu hukosea sana wanapobashiri nani atameza dawa na nani hatameza.

Sasa turudi kwetu. Kenya, Uganda na Tanganyika hazikuwa na fedha za PAS, iliyokuwa ghali na nzito kusafirisha. Watafiti wa Afrika ya Mashariki wakishirikiana na wa Uingereza walijaribu dawa nyingine, thiasetazoni, wakaiunga na isoniazidi katika kidonge kimoja cha kumezwa mara moja kwa siku. Tazama akili iliyo katika kidonge hicho: mgonjwa hawezi kumeza dawa moja na kuitupa ya pili. Ilikuwa rahisi pia, ikatumika kwetu kwa miaka mingi. Hata hivyo muda ulibaki mrefu mno, na wagonjwa waliendelea kupotea katikati ya safari. Ndipo, kuanzia mwaka 1970, watafiti hao hao walipojaribu katika Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia kama muda wenyewe waweza kufupishwa kwa kutumia dawa mpya iitwayo rifampisini pamoja na nyingine. Matokeo ya kwanza yalitangazwa mwaka 1972: miezi 6 ilitosha, na waliougua tena walikuwa wachache mno. Miaka mingi mgonjwa alikuwa amelaumiwa kwa kutovumilia miezi 18; sasa ilidhihirika kwamba kilichopaswa kurekebishwa kilikuwa ile miezi 18.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Wajir. Annalena Tonelli, mwanamke Mwitalia, alikuja Kenya mwaka 1969, akafundisha shule kabla ya kujitoa kwa wagonjwa. Watu wa Wajir wengi walikuwa wafugaji wahamaji. Mfugaji mwenye kifua kikuu aliambiwa akae karibu na hospitali, na huku mvua imenyesha mbali na ngamia wamekwisha ondoka. Abaki nani? Akibaki, nani ataangalia mifugo yake. Akienda, nani atampa dawa? Aliyeondoka aliandikwa katika daftari kuwa mtoro. Mwaka 1976 Tonelli alikabidhiwa mpango wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani wa kuwatibu wahamaji. Wagonjwa walialikwa wajenge vibanda vyao vya mikeka, kama wajengavyo kwao, mbele ya kituo alichofanyia kazi. Wakapewa dawa za muda mfupi mbele ya macho ya mtumishi, kila siku, miezi 6, kisha wakarudi kwa mifugo yao. Makao hayo yaliitwa manyatta ya kifua kikuu. Wengi waliokwisha hesabiwa kuwa wakaidi walimaliza dawa. Tonelli alilazimika kuondoka Kenya katika miaka ya 1980, akaendelea na kazi hiyo kwa Wasomali ng'ambo ya mpaka, na mwaka 2003 aliuawa kwa risasi huko Borama.

Ungedhani, msomaji, kwamba baada ya hayo lawama ya zamani ilikwisha. La. Mwaka 2001, dawa za kupunguza makali ya UKIMWI zilipokuwa zikiokoa maisha ya watu Ulaya na Marekani, mkuu wa shirika la misaada la serikali ya Marekani alisema kwamba Waafrika wengi hawajui saa, hivyo hawataweza kumeza dawa kwa nyakati zake. Wakati huo watu wetu walikuwa wakizikwa kila juma. Mwaka 2006 watafiti walikusanya hesabu za tafiti nyingi na kuzilinganisha: waliozitumia dawa hizo ipasavyo walikuwa asilimia 77 Afrika, na asilimia 55 Amerika ya Kaskazini.

Siku hizi wanaosumbua zaidi akili za matabibu ni wenye maradhi yasiyo na miezi 6 wala 18, mathalan shinikizo la damu, ambalo dawa yake humezwa maisha yote na ambalo haliumi. Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba hata katika nchi tajiri ni kama nusu tu ya wenye maradhi ya kudumu wanaofuata dawa zao. Hapa nina habari isiyonifurahisha mimi mwalimu. Huko Hamilton, Kanada, wafanyakazi wa kiwanda cha chuma waliokuwa na shinikizo la damu walifundishwa kwa bidii juu ya maradhi yao. Matokeo yalitolewa mwaka 1975: walijua mengi kuliko wenzao wasiofundishwa, na dawa hawakuimeza zaidi yao. Mwaka uliofuata watafiti walieleza walivyojaribu njia nyingine kwa wale waliokuwa hawamezi. Waliwapa vyombo vya kujipimia shinikizo nyumbani, wakawaambia waandike walichomeza, wakaonana nao kila baada ya majuma mawili, na wakamsaidia kila mmoja kukifungamanisha kidonge na jambo alilokuwa akilifanya kila siku bila kukumbushwa. Safari hii vidonge vilimezwa.