Namba 6 na Majirani Zake

Mwaka 1954, jarida la madaktari la Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanyiwa wanaume 30 wa Kiluo. 15 kati yao walikuwa wabebaji wa jeni ya selimundu, yaani waliirithi kwa mzazi mmoja tu. 15 hawakuwa nayo. Wote walikuwa wamekaa mbali na malaria kwa miezi 18 au zaidi. Wakaambukizwa malaria makusudi. Kwa wale wasio na jeni, 14 walionekana na vimelea kwenye damu. Kwa wabebaji, ni 2 tu.

Aliyefanya jaribio ni Anthony Allison, daktari mzungu aliyekulia Kenya, upande wa Gilgil. Mwaka 1949, akiwa bado mwanafunzi Oxford, alikuja na msafara wa chuo hicho wa Mlima Kenya, akatumia nafasi hiyo kukusanya damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi. Aligundua kitu cha kushangaza. Pwani na kando ya Ziwa, zaidi ya mtu 1 kati ya 5 alikuwa mbebaji. Nyanda za juu, karibu hakuna. Ukichora ramani ya jeni hiyo, unapata ramani ya mbu.

Wale 30 wanaitwa "waliojitolea". Mimi hilo neno hunisimamisha kila nikilisoma. Kenya ilikuwa chini ya Hali ya Hatari tangu Oktoba 1952. Mtu wa Ziwa aliyekuwa ameishi mbali na mbu wa kwao kwa muda huo wote, mara nyingi alikuwa mfanyakazi: wa reli, wa mji, wa mashamba ya wazungu. Ni watu wa aina ya babu zetu waliojaza Muthurwa, Makongeni na Kaloleni. Kumwambia daktari wa kizungu "hapana" enzi hizo haikuwa mchezo. Dunia nzima ilijifunza kutoka kwa damu yao, na kwenye vitabu wamebaki kuwa hesabu: 14 kwa 15, 2 kwa 15.

Reli ndiyo ilileta jeni hii Nairobi. Ilifika hapa mwaka 1899, na mwaka 1901 ikafika Ziwani, Kisumu. Tangu hapo watu wa Nyanza, Magharibi na Pwani wamekuwa wakishuka stesheni na kutafuta chumba Eastlands. Nairobi iko juu, mbu wa malaria si wengi, kwa hivyo ile kinga iliyomfaa nyanya huko Siaya au Kilifi haina kazi kubwa huku. Lakini ugonjwa ulibaki. Wabebaji wawili wakikutana Jericho au Umoja, wakapendana, wakazaa, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kumpa mtoto jeni hiyo kutoka pande zote mbili.

Nilikulia kwenye laini ya nyumba ambako kulikuwa na kijana mmoja kama huyo. Macho ya njano, mifupa ikimuuma usiku hadi sisi majirani tulimsikia ukutani. Kila baridi ya Julai ilikuwa ni hospitali. Mtaani tuliita siko seli, lakini wakwe wa mamake walikuwa na jina lingine. Walisema ni yeye, mama, aliyeleta damu mbaya kwa boma lao. Wengine walisema ni chira. Baba hakuulizwa kitu. Kijana alifariki kabla hatujamaliza shule, na mama akahama na lile neno likiwa bado mgongoni mwake.

Kwa hivyo nilipoenda chuo kusoma baiokemia, nilitaka kujua hiyo "damu mbaya" ni nini hasa. Jibu lilikuwa limeshapatikana kitambo, na ni dogo kuliko nilivyodhani.

Mwaka uleule wa 1949, Linus Pauling na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa wa selimundu ina chaji ya umeme tofauti na ya wengine. Ugonjwa uko kwenye molekuli yenyewe. Mwaka 1956, Vernon Ingram, aliyefanya kazi Cambridge kwenye maabara moja na Max Perutz, alikata himoglobini vipande vidogo kwa kimeng'enya, akavitandaza kwenye karatasi. Madoa yote yalifanana isipokuwa moja. Mwaka uliofuata alilifungua hilo doa: kwenye mnyororo wa beta, wenye asidi amino 146, ya 6 imebadilika. Badala ya asidi glutamiki kuna valini. Basi. Moja kati ya 146.

Moja inaua vipi? Hapa ndipo inabidi uache kuhesabu na uanze kuangalia nani anakaa karibu na nani. Hebu fikiria laini ya nyumba 146. Kwenye karatasi, nyumba 6 na nyumba 85 ziko mbali. Lakini protini haikai kama laini. Inajikunja, na himoglobini moja inapitana na nyingine kwenye chembe ya damu iliyojaa pomoni. Katika msongamano huo, jirani wa namba 6 anaweza kuwa mtu wa jengo lingine kabisa.

Faili za miundo ya protini ziko Protein Data Bank, hazina iliyoanzishwa mwaka 1971, na ni bure. Ukiwa na laptopu na bando Kayole, unaweza kupakua faili 2HBS, ambayo ni himoglobini ya selimundu iliyoachia oksijeni, kama ilivyochorwa kwa miale ya eksirei mwaka 1997. Ndani yake kuna himoglobini mbili zikiwa zimegusana, na kila atomu ina anwani yake: namba tatu zinazoonyesha iko wapi. Kazi ni ya kuchosha lakini si uchawi. Unaiambia programu ipime umbali kati ya kila atomu ya himoglobini ya kwanza na kila atomu ya pili, na ikuonyeshe zile zilizokaribiana, tuseme chini ya angstromu 4. Angstromu moja ni sehemu moja ya milioni kumi ya milimita.

Nilipofanya hivyo mara ya kwanza, nilikaa kimya. Valini namba 6 ya himoglobini moja imeingia kwenye kishimo cha himoglobini ya pili, katikati ya fenilalanini namba 85 na leusini namba 88. Zote tatu hazipendi maji, kwa hivyo zikipatana zinashikana. Asidi glutamiki, yenye chaji na inayopenda maji, haiwezi kukaa humo. Na hicho kishimo hufunguka vizuri himoglobini ikishaachia oksijeni. Moja inashika nyingine, nyingine inashika ya tatu, hadi unapata kamba ya nyuzi 14 inayokunja chembe nzima iwe kama mundu. Chembe zinaziba mishipa, na mtoto analia usiku.

Sasa angalia namba 87, katikati ya hao majirani wawili. Kwa mtu mzima ni threonini. Kwa himoglobini ya mtoto aliye tumboni, mnyororo unaochukua nafasi ya beta una glutamini hapo, na himoglobini hiyo haiingii kwenye kamba. Ndiyo maana watoto wachanga hawaugui miezi ya kwanza. Wanasayansi waliiga hilo: tiba ya jeni ya Lyfgenia, iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2023, inampa mgonjwa beta yenye glutamini namba 87. Bei yake iliyotangazwa wakati huo ilikuwa dola milioni 3.1.

Hiyo si bei ya Eastlands, tusidanganyane. Lakini kuna haidroksiyurea, kidonge cha zamani kinachoamsha ile himoglobini ya utotoni. Utafiti wa REACH, uliofanywa kwa watoto 606 Angola, Kongo, Uganda na hapa kwetu Kilifi, ulionyesha kwamba kinapunguza maumivu, malaria na vifo. Huko huko Kilifi, mwaka 2005, watafiti walionyesha kwamba wabebaji wanakingwa dhidi ya malaria kali kwa karibu asilimia 90. Jambo ambalo Allison aliliona kwa watu 30 lilikuwa kweli.

Kwa hivyo ile damu iliyoitwa mbaya iliokoa mababu wa mama yule, na mababu wa baba pia, maana mtoto huwa mgonjwa akiipata kwa wote wawili. Hakuna anayeileta bomani peke yake. Kama wewe na mpenzi wako mnapanga mtoto, nendeni mpimwe wote wawili. Na kama kwenu kuna mama anayebeba lawama kama ile, mwambie kuhusu namba 6. Mwambie mbele ya wakwe zake.