Safu ya lugha: Mbichi na kavu

Ukienda Ndeeba, Kampala, kununua mbao za sakafu, na muuzaji akakubali kuacha Kiganda mkaongea Kiswahili, neno la kuchunga ni "mbichi". Ndizi mbichi huiva ikawa mbivu, na ikishaiva hairudi nyuma. Mbao mbichi haziivi, hukauka. Hapo lugha hutughilibu kidogo, maana "kavu" si hali ya kudumu. Ubao wa mvule uliokauka barabara hufyonza tena unyevu wa hewa, hasa mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba zinaponyesha. Vanishi huchelewesha tu, haizuii.

Kiswahili kina kitenzi kinachofaa hapa: kunywea. Ubao ukinywa maji huvimba, ukinywea, husinyaa. Tofauti ni herufi moja, na maana zimepeana mgongo! Mabadiliko hayo huonekana kwenye upana, si kwenye urefu, ndiyo maana nyufa za sakafu hufuata urefu wa mbao. Sakafu iliyobanwa hadi ukutani bila kuachiwa nafasi haina pa kuvimbia, basi huinuka katikati, na mwenye nyumba humlaumu fundi. Mara nyingi ana haki.

Kwa hiyo muuzaji akikwambia mbao ni kavu, muulize zimekaushwaje na kwa muda gani. Kisha ziache siku kadhaa ndani ya chumba chenyewe kabla fundi hajapigilia msumari wa kwanza.