Dema na Gargur: Historia Iliyolala Chini ya Maji

Darsait ni mtaa wa pwani mjini Maskati, baina ya Matrah na Qurum. Jirani yake ni bandari ya Mina al Fahal, iliyosafirisha shehena ya kwanza ya mafuta ya Omani mwaka 1967. Katika mitaa ya Maskati msikilizaji hakawii kukisikia Kiswahili, lugha iliyokuja na familia zilizotoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970 na kuwaita nyumbani Waomani waliotawanyika.

Historia ya pwani hizi mbili tumezoea kuisoma kwa majina ya watawala na bidhaa: Seyyid Said na karafuu, majahazi na tende, kisha kugawanywa kwa dola mwaka 1861. Hiyo ni historia ya waliokuwa na makarani. Mvuvi wa chombo kidogo hakuandikiwa daftari. Anayetaka kumjua hana budi kuanzia kwenye mtego wake.

Unguja na Pemba mtego huo huitwa dema. Mombasa na Lamu, lema. Waomani, kama majirani zao wa Ghuba, husema gargur. Dema husukwa kwa fito na mianzi, nalo ni bapa lenye pembe. Gargur ina umbo la kuba, na zamani ilisukwa kwa makuti ya mtende, mti uleule ambao pongoo zake ziliunda shasha, mtumbwi wa wavuvi wa Batinah. Maumbo yanatofautiana, lakini kanuni ni moja: mlango ulio mpana nje na mwembamba ndani, mfano wa koo, ili samaki aingie kwa wepesi na ashindwe kutoka.

Wahenga walisema mtego bila chambo haunasi. Kwetu chambo kilikuwa mwani, konokono au kaa waliopondwa. Omani, dagaa wa pwani hiyo ndio waliotumika sana. Mtego hutiwa mawe ili utulie chini, ukaachwa siku moja au zaidi. Mvuvi anayehofia wizi huenda asiweke chelezo. Hurudi kwa kulinganisha alama za nchi kavu, mnara na ncha ya mlima, kisha huunasa na kuuvuta mkono kwa mkono. Ramani yake yote imo kichwani.

Elimu hiyo, hata hivyo, haihami kama sanduku. Mfano ni kambakoche, ambaye Omani huitwa sharkha. Huko huvuliwa zaidi katika pwani ya Bahari ya Arabuni, kutoka Sharqiyah hadi Dhofar, kwa mitego yenye chambo, katika msimu mfupi wa Machi na Aprili, kabla kusi haijaichafua bahari. Majike wenye mayai hurejeshwa majini. Katika pwani ya Waswahili kambakoche huvuliwa zaidi na wazamiaji. Wengine humsukuma pweza hai ndani ya pango la mwamba, na kambakoche, anayemwogopa adui yake, hukimbilia nje. Sababu moja ni kwamba baadhi ya kambakoche wa miamba yetu ni wagumu kuingia mtegoni. Basi mvuvi aliyeijua bahari ya Unguja, alipofika Omani, ilimpasa kuwa mwanafunzi tena.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na waya wa chuma, uliochukua nafasi ya makuti. Gargur ya waya hudumu, na humo ndimo mlimo na hatari. Mtego wa makuti ukipotea, huoza na kuwaachia samaki njia. Wa waya huendelea kunasa bila mwenyewe: samaki aliyefia ndani huwa chambo cha mwingine, na huyo cha mwingine tena.

Kwa mwanahistoria hili lina uchungu wake. Mtego uliooza haukudhuru bahari, lakini pia haukumwachia ushahidi. Kilichobaki ni maneno: dema, chambo, chelezo, bamvua. Mtoto wa Kizanzibari aliyezaliwa Maskati huenda ameisikia karafuu mara mia, wala hajaelezwa bibi yake aliitaje siku ya maji makubwa. Neno lisilo na kitu cha kushika halidumu vizazi vingi.

Wazee wa Maskati wamehojiwa sana juu ya 1964, na ni haki wahojiwe. Yafaa sasa waulizwe pia namna fito zilivyokatwa, ni nani aliyesuka, na alama gani za nchi kavu zilimwonyesha baba mahali alipotega.