Yufka: Mkate Mwembamba wa Waturuki

Yapo mambo ya historia ambayo hayakuachiwa jengo wala kaburi, bali neno tu. Mwanachuoni Mahmud al-Kashgari alitunga mjini Baghdad, baina ya mwaka 1072 na 1074, kamusi yake iitwayo Diwanu Lughati-t-Turk ili kuwafunza Waarabu lugha ya Kituruki. Katika kamusi hiyo hakuusahau mkate mwembamba wa kaumu yake. Jina lake, matamshi yakiwa yamebadilika kidogo, lingali hai vijijini Uturuki: yufka. Neno hilo lina maana ya wembamba, na Mturuki humwita mtu mwepesi wa huruma yufka yürekli, yaani mwenye moyo mwembamba. Neno moja limetosha mkate na moyo.

Wembamba huo haukuzuka kwa ajili ya pambo. Wafugaji wanaohamahama hawawezi kubeba tanuri ya udongo, lakini wanaweza kubeba sac, bamba la chuma lililobinuka mfano wa mgongo wa kobe, ambalo huinjikwa popote penye mawe matatu na kuni chache. Mkate mwembamba huiva upesi juu yake, nao ukikauka hudumu miezi kadhaa. Basi yufka ilikuwa chakula na akiba ya safari kwa pamoja.

Viungo vyake ni unga wa ngano, maji na chumvi; hamira haimo. Unga hukandwa, hukatwa madonge, kisha huachwa upumzike. Hapo ndipo kazi hasa inapoanza, na si kazi ya mtu mmoja. Kwa desturi hukaa wanawake watatu au zaidi, jamaa na majirani: mmoja hugawa madonge, wa pili huyasukuma kwa oklava, kijiti kirefu chembamba, mpaka yawe mapana na membamba kama manda za sambusa zetu, wa tatu hukaa motoni akiugeuza mkate kwa ubao mrefu. Leo huoka kwa nyumba hii, kesho kwa ile. Ushirika huo Waturuki huuita imece, na msomaji wetu ataufahamu bila ya tafsiri, kwani ndio ujima.

Wakati wa kula, mkate mkavu hunyunyiziwa maji na kufunikwa kitambaa mpaka ulainike. Walaji huuzunguka mlo, huumega mkate na kuchotea mchuzi, au huviringishia jibini na kitunguu. Ukikunjwa na kujazwa mboga au jibini, ukaokwa, huitwa gözleme. Kipande kikianguka chini, huokotwa, hubusiwa, huguswa kipajini, kisha huwekwa mahali pa juu pasipokanyagwa.

Mkate wenye heshima kiasi hicho haukosi wagombeaji. Mwaka 2014 UNESCO iliuandikisha mkate wa lavash kwa jina la Armenia. Mwaka 2016 ikaandikisha utamaduni wa kuoka na kugawana mikate ya aina hii kwa jina la Azerbaijan, Iran, Kazakhstan, Kirigizistani na Uturuki. Nionavyo, maandikisho yote mawili ni ya haki, ila kila anayeyasoma kama hati ya kumiliki huyapotosha. Mkate uliohama na wenyewe kwa karne nyingi haukuijua mipaka iliyochorwa baada yake.

Hatari yenyewe iko kwengine. Mijini yufka hununuliwa dukani, tayari imekunjwa, na hata kijijini vijana wengi wamekwishahama. Mkate hautapotea, maana duka litauza. Kinachoweza kupotea ni kile kikao cha wanawake watatu, kilichofunza mabinti kusukuma, kilichopeleka habari na kusuluhisha ugomvi wa majirani. Al-Kashgari alituhifadhia jina la mkate. Majina ya waliouoka hayakuandikwa popote, nao ndio waliotufikishia neno hilo likiwa bado lina ladha.