Lipidi si mafuta tu

Ukitaja mafuta mjini Juba, wengi watafikiria kwanza visima vya Unity na Upper Nile, ambavyo hazina ya serikali inavitegemea, ndipo wakumbuke ya kupikia. Mwalimu wa biolojia anayetafuta jina la kundi zima la lipidi anakuta neno "mafuta" limeshaelemewa na kazi. Wapo wanaoona kukopa ni uvivu. Mimi nasema tukope "lipidi".

Hata wanakemia wenyewe walikopa. Mfaransa Gabriel Bertrand alipendekeza jina hilo mwaka 1923 kutoka Kigiriki, lipos, yaani shahamu. Ila wanakemia hawaitambui lipidi kwa utelezi wake. Wanaangalia mambo mawili: imetengenezwa na kiumbe hai, na haiyeyuki katika maji ingawa huyeyuka katika vimiminika kama etha na klorofomu. Petroli inafaulu sharti la pili, inaanguka kwa la kwanza. Hata hivyo ukoo upo: mafuta ghafi ya bonde la Muglad, vilipo visima vya Unity, yalianza kama miani ya maziwa ya kale, ambayo lipidi zake zilifukiwa na kupikwa na joto la ardhini kwa mamilioni ya miaka.

Sharti la maji linaonekana wazi lulu inapotengenezwa. Hii si lulu ya baharini. Ni jina la Kiarabu cha huku la mshea, ambao mafuta yake Waacholi huyaita moo yaa. Wanawake huokota matunda yaliyoanguka, nyama yake ikaliwa, kokwa zikaanikwa, zikabanguliwa, zikakaangwa na kusagwa mpaka ziwe rojo la kahawia. Rojo linachemshwa kwa maji. Mafuta yanajitenga, yanapanda juu, nao wanayaengua taratibu.

Kilichoenguliwa, kwa sehemu kubwa, ni trigliseridi: molekuli moja ya gliseroli iliyoshikamana na asidi tatu za mafuta. Katika lulu zinatawala mbili, steariki na oleiki. Zote zina kaboni 18. Tofauti ni kwamba oleiki ina kifungo maradufu kimoja katikati, nacho kinaupinda mnyororo wake, hivyo molekuli hazipangiki kwa kubanana. Pindo hilo moja linatosha kushusha kiwango cha kuyeyuka kutoka nyuzi 69 za Selsiasi hadi karibu 13. Mshea wa upande huu wa Nile una oleiki nyingi kuliko ule wa Afrika Magharibi. Ndiyo maana shea ya Ghana hukaa imeganda kama siagi, na ya hapa, kwa joto la Machi, humiminwa kutoka kwenye chupa. Kwa mti wenyewe hiyo ni akiba ya mche: gramu moja ya mafuta hutoa kilokalori 9, ya wanga 4 tu.

Neno "mafuta" linashindwa kabisa tukifika kwenye fosfolipidi. Hapa asidi moja kati ya tatu imeachia nafasi yake kwa kichwa chenye fosfeti, kinachopenda maji, huku mikia miwili iliyobaki ikiyakimbia. Mwaka 1925, Waholanzi Gorter na Grendel walitoa lipidi kutoka kwenye chembe nyekundu za damu, wakazitandaza juu ya maji, na kupata eneo karibu mara mbili ya uso wa chembe zenyewe. Basi utando wa seli una tabaka mbili za fosfolipidi, mikia ikielekeana ndani. (Baadaye ilibainika walikosea vipimo viwili, na makosa hayo yakafutana. Bahati nayo ni sehemu ya sayansi.)

Kolesteroli nayo ni lipidi, ila haifanani na mafuta hata kwa macho: ikiwa safi ni fuwele nyeupe, na umbo lake ni pete nne za kaboni zilizoungana. Mwili huichomeka kwenye utando wa seli na huitumia kutengeneza homoni, zikiwemo testosteroni na estrojeni. Kuiita "mafuta mabaya" ni kuionea. Mimea huwa nayo kidogo mno, kwa kuwa ina steroli zake nyingine, kwa hiyo dumu la mafuta ya alizeti lililoandikwa "haina kolesteroli" linasema kweli, sawa na lulu ya kwenye chupa isiyo na lebo.