Taya lililovimba, na virusi vinavyolala ndani ya damu

Mtoto akivimba taya kwetu Kindu, mmoja atasema ni jino, mwingine atasema amelogwa. Tuangalie basi historia ya huo uvimbe, maana imeanzia kwa majirani zetu.

Mwaka 1957, hospitali ya Mulago, Kampala, munganga mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kuona mtoto mwenye taya zilizovimba pande zote. Hakuelewa. Kisha, huko Jinja, akakuta mtoto mwingine vilevile. Kumbe ilikuwa kansa. Akaandikia hospitali nyingi. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakapanda gari kuukuu, wakazunguka karibu kilomita 16 000 wakiuliza tu: ugonjwa huu mnauona huku? Majibu yakachora mkanda kwenye ramani: nchi za joto na mvua nyingi, kule malaria haiishi. Nchi kama hii yetu ya Lualaba.

Mwaka uleule, London, Anthony Epstein akamsikiliza Burkitt, akaomba vipande vya uvimbe vitumwe kwa ndege. Mwisho wa 1963 ukungu ukaipeleka ndege moja Manchester. Chupa ikachelewa, maji yake yamechafuka. Mwingine angetupa. Epstein akatazama: seli hai zinaelea! Yeye na Yvonne Barr wakazikuza, na mwaka 1964, pamoja na Bert Achong wa Trinidad, wakaona ndani yake virusi vipya vya jamaa ya herpesi: Epstein-Barr.

Leo tunajua watu wazima zaidi ya 9 kwa 10 duniani wanavyo. Vinalala ndani ya seli nyeupe za damu maisha yote, na walinzi wa mwili wanavichunga. Tangu 1988, kuanzia Paris, kuna wagonjwa wanaopandikizwa damu ya kitovu cha mtoto mchanga. Walinzi wa damu hiyo hawajawahi kukutana na virusi. Miezi ya kwanza vinaweza kuamka, ndiyo maana damu ya mgonjwa inapimwa mara kwa mara. Kwa mtoto wa huku, malaria ya kila mara ndiyo inachosha walinzi.

Virusi vina majina ya watafiti waliofanya kazi London. Jina la mtoto wa Uganda aliyetoa zile seli halimo. Tumlipe namna gani? Kansa hii inakua haraka sana, lakini dawa inaisikia, mtoto akifika mapema. Taya likivimba, tusingoje. Twende hospitali.